Maswali ya Wasomaji: Kazi Ikikatika, Kibali cha H-1B Kinabaki Wapi?

Tangu mwaka uanze, barua nyingi zilizotufikia kutoka kwa wasomaji wanaofanya kazi Marekani zimehusu jambo moja, nalo ni kuachishwa kazi ghafla, na wakati mwingine kuitwa tena kazini kabla mtu hajamaliza kufungua masanduku aliyotoka nayo ofisini. Wengi wao wanafanya kazi kwa kibali cha H-1B, kibali cha muda kwa wageni wenye taaluma ambazo kwa kawaida zinahitaji angalau shahada ya kwanza. Mwajiri ndiye anayekiombea, hutolewa kwa muda usiozidi miaka 3 kwa mara moja, na kwa kawaida mtu hawezi kukaa nacho zaidi ya miaka 6. Tumechagua barua tano. Majina ya waandishi na ya makampuni tumeyaacha.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mhandisi wa programu za kompyuta na ninaishi Dallas, Texas. Tarehe 5 Januari kampuni ilitutangazia kwamba idara yetu inapunguzwa. Niliendelea kukabidhi kazi hadi Ijumaa tarehe 16 Januari, siku ya mwisho niliyolipwa mshahara, kisha nikapewa kwa mkupuo malipo ya kuachishwa kazi yanayolingana na mshahara wa wiki nane. Jana, tarehe 4 Machi, meneja wangu wa zamani alinipigia simu akaniambia kwamba nafasi yangu imerudishwa na wangependa nianze tarehe 30 Machi. Ofisi ya rasilimali watu inasema kwamba karatasi yangu ya idhini inaonyesha mwisho wake ni Septemba mwakani, hivyo niripoti tu. Mimi nilikuwa nikihesabu siku zangu 60 kuanzia pale wiki nane zitakapokwisha. Je, niko salama?

Jibu: Kwa kuwa siku hazingoji gazeti litoke mitamboni, msomaji huyu tulimjibu siku ileile barua yake ilipotufikia. Tunalichapisha jibu lake hapa kwa sababu makosa mawili yaliyomo katika barua hiyo, moja lake mwenyewe na moja la mwajiri, tunayaona katika kila barua ya pili tunayoifungua.

Kosa la kwanza ni la hesabu. Kanuni iliyoanza kutumika tarehe 17 Januari 2017 inamruhusu mfanyakazi wa H-1B aliyepoteza kazi kubaki nchini kwa siku zisizozidi 60 mfululizo bila kuhesabiwa kuwa amevunja masharti ya ukaazi wake. Siku hizo zinaanza kesho yake baada ya ajira kukoma, na Idara ya Huduma za Uraia na Uhamiaji, inayojulikana kwa kifupi kama USCIS, kwa kawaida inaitambua siku ya kukoma kwa ajira kuwa siku ya mwisho ambayo mtu alilipwa mshahara kwa ajili yake. Fedha za mkupuo alizopewa baadaye ni za kumwezesha kuishi. Hazirefushi ajira hata kwa siku moja, hata kama zimepigiwa hesabu kwa wiki. Kwa hiyo siku yake ya kwanza ilikuwa 17 Januari, na ya sitini ni Jumanne tarehe 17 Machi. Yeye alikuwa akitarajia kuanza kuhesabu katikati ya Machi na kufika hadi Mei. Huo ni upungufu wa karibu miezi miwili, na angeugundua siku ambayo hakuna tena la kufanya.

Kuna wasomaji ambao mwajiri amewaacha kwenye orodha ya mishahara kwa wiki kadhaa huku amekwisha kuwazuia wasifanye kazi. Hao tunawashauri wahesabu kuanzia siku waliyokabidhi kazi, si siku mshahara ulipokoma, kwa maana hali yao inaweza kutafsiriwa kwa namna mbili na ofisa atakayelisoma faili halazimiki kuchagua ile inayowafaa. Tena, siku 60 ni kikomo cha juu tu. Kama tarehe iliyo kwenye rekodi ya kuingia nchini, ile inayoitwa I-94, inafika kabla ya siku ya sitini, basi muda unaishia pale. Tarehe hiyo si lazima ilingane na ile iliyo kwenye karatasi ya idhini, kwa kuwa ofisa wa mpakani anaweza kuifupisha ilingane na mwisho wa pasipoti. Kila mtu na aitazame yake leo, hata kama kazi yake haijatikiswa.

Kosa la pili ni la ofisi ya rasilimali watu, nalo ni zito zaidi kwa sababu linasemwa kwa sauti ya uhakika. Tarehe ya Septemba mwakani iliyoandikwa kwenye karatasi ya idhini inaonyesha muda ambao msomaji wetu aliruhusiwa kumfanyia kazi mwajiri yule, katika nafasi ile na mahali pale, maadamu ajira yenyewe ipo. Ajira ilipokatika, karatasi ilibaki na tarehe yake kama tiketi ya basi lililokwisha kuondoka. Sheria inamtaka mwajiri anayemwachisha kazi mfanyakazi wa H-1B kuiarifu USCIS, na akishaandika kwamba anaondoa ombi lake, idhini inafutika yenyewe bila kusubiri uamuzi wa mtu yeyote. Swali la kwanza ambalo msomaji wetu anapaswa kumwuliza mwajiri, tena kwa maandishi, ni hili: je, mliandika barua ya kuondoa ombi, na mliipeleka lini?

Jibu likiwa ndiyo, hakuna kuripoti tu. Mwajiri anapaswa kuwasilisha ombi jipya kama vile anamwajiri mtu kwa mara ya kwanza, ingawa mtu huyo hatarudi kwenye bahati nasibu ya Machi, ile inayochagua watakaoombewa H-1B mpya, kwa sababu alikwisha kuhesabiwa katika idadi ya vibali inayoruhusiwa kila mwaka na bado ana muda uliobaki katika miaka yake 6. Kabla ya ombi kuna hatua ambayo wengi huisahau, nayo ni tamko la masharti ya kazi linalopelekwa Wizara ya Kazi, ambamo mwajiri anaahidi kulipa mshahara usiopungua ule unaolipwa kwa kazi ya aina hiyo katika eneo hilo. Wizara huchukua siku 7 za kazi kulithibitisha. Likipelekwa Alhamisi tarehe 5 Machi, linatarajiwa kurudi Jumatatu tarehe 16, na ombi lenyewe linapaswa kuwa limepokewa na USCIS Jumanne tarehe 17. Tumesema kupokewa, muhuri wa posta wa siku hiyo hausaidii. Nafasi iliyobaki ni ya siku moja, na ndiyo maana tulimwomba msomaji wetu asisubiri barua rasmi ya kuitwa kazini bali amwombe wakili wa kampuni aanze na tamko hilo siku ileile.

Jibu likiwa hapana, yaani mwajiri hakuandika chochote, mambo yanaonekana mepesi zaidi kuliko yalivyo. Ombi la zamani halijafutwa, siku 60 hazijakwisha, na kama anarudi kwenye kazi ileile, mahali palepale na kwa masharti yaleyale, wapo mawakili watakaomwambia kwamba anaweza kuendelea na kibali kilekile. Hoja hiyo ina nguvu, lakini msomaji asiikubali kwa simu. Aombe maoni ya wakili kwa maandishi na ayahifadhi, kwa sababu atakayeyahitaji ni yeye, miaka kadhaa baadaye, atakapoulizwa katika ombi la ukaazi wa kudumu alikuwa wapi kati ya 16 Januari na 30 Machi. Kama nafasi aliyorudishiwa ina majukumu tofauti, au ofisi imehamia mji mwingine ulio nje ya eneo la ajira lililotajwa katika ombi la kwanza, basi ombi jipya au la marekebisho halikwepeki. Kuna jambo jingine ambalo mwajiri hatalisema mwenyewe: kuachishwa kazi kunakokamilika kisheria kunahitaji kumjulisha mfanyakazi, kuiarifu USCIS, na kumpa mfanyakazi ahadi ya nauli ya kurudi alikotoka. Mwajiri aliyeruka hatua hizo anaweza kudaiwa mshahara wa kipindi chote cha katikati. Hatumshauri mtu aanze kazi yake ya zamani kwa kumdai mwajiri, ila ni vizuri ajue kwa nini ofisi ya rasilimali watu inaweza kujibu swali lake kwa sentensi fupi sana.

Kuhusu tarehe ya kuanza: sheria ya mwaka 2000 inamruhusu mfanyakazi wa H-1B kuanza kazi mpya mara ombi la mwajiri mtarajiwa linapowasilishwa, bila kusubiri idhini, na anayewasilisha ndani ya siku zile 60 bado anahesabiwa kuwa na hadhi halali. Hata hivyo, kwa mtu anayerudi kwa mwajiri yuleyule aliyeliondoa ombi lake, mawakili waangalifu hupendelea kulipia huduma ya haraka na kusubiri uamuzi, ambao hutakiwa kutolewa ndani ya siku 15 za kazi, ingawa uamuzi huo unaweza pia kuwa barua ya kutaka maelezo zaidi. Ombi likipokewa tarehe 17 Machi, siku hizo zinafika tarehe 7 Aprili. Kwa maoni yetu, wiki moja ya mshahara iliyopotea kati ya 30 Machi na 7 Aprili ni bei ndogo.

Tunasema ndogo kwa kulinganisha. Tangu tarehe 21 Septemba 2025, tangazo la rais wa Marekani limeweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya nchi wasio na viza halali ya H-1B. Tangazo hilo liliwekewa muda wa miezi 12 unaoweza kurefushwa. Anayeombewa akiwa ndani ya Marekani, na ambaye ukaazi wake unarefushwa humohumo, haguswi na malipo hayo. Lakini USCIS ikiona kwamba hadhi yake ilikuwa imekatika siku ombi lilipofika, inaweza kukubali kwamba anastahili kazi na wakati huohuo ikakataa kumrefushia ukaazi, ikimtaka atoke na kuomba viza nje. Hapo malipo yanaweza kumwangukia mwajiri. Tofauti ya tarehe 17 na tarehe 18 Machi ni kubwa kiasi hicho, na si waajiri wengi wataivuka kwa ajili ya mtu mmoja.

Swali: Mhariri, mimi ni mtafiti wa chuo kikuu katika jimbo la Massachusetts. Fedha za mradi wetu zilikatwa na ajira yangu inakoma mwisho wa mwezi huu. Kampuni binafsi ya dawa iko tayari kunichukua mara moja. Rafiki zangu wananiambia kuhama na H-1B ni rahisi, ni kubadilisha mwajiri tu. Ni kweli?

Jibu: Kwa rafiki zake huenda ni kweli. Kwa yeye, inategemea alikipataje kibali chake. H-1B za kawaida zina kikomo cha 65,000 kwa mwaka, pamoja na 20,000 za nyongeza kwa waliopata shahada za juu katika vyuo vya Marekani, na watu wanapita katika bahati nasibu ili kuingia humo. Vyuo vikuu, taasisi zisizo za faida zinazohusiana navyo, na taasisi za utafiti zisizo za faida au za serikali haziguswi na kikomo hicho. Mtafiti aliyeajiriwa na chuo moja kwa moja hakuwahi kuhesabiwa, na siku anapotaka kuhamia kwenye kampuni ya biashara anaambiwa aingie kwenye foleni ambayo hakujua kwamba aliiruka.

Kwa hiyo ajiulize kwanza kama kabla ya chuo aliwahi kufanya kazi na H-1B ya kampuni ndani ya miaka 6 iliyopita. Kama aliwahi, amekwisha kuhesabiwa na anaweza kuhama kama rafiki zake wanavyosema. Kama hakuwahi, kampuni inapaswa kumsajili mwezi Machi kwa ada ya dola 215, na hata jina lake likitoka, kazi haiwezi kuanza kabla ya tarehe 1 Oktoba. Siku 60 zitakuwa zimekwisha zamani.

Wengi hujaribu kuziba pengo hilo kwa kuomba kubadilishiwa hadhi kuwa mgeni wa matembezi, yaani B-2, kabla ya siku ya sitini. Ombi likifika kwa wakati, mtu anaweza kubaki akisubiri jibu, na USCIS imekwisha kueleza kwamba kutafuta kazi na kwenda kwenye usaili si kosa kwa mwenye hadhi hiyo. Kufanya kazi ndiko kunakokatazwa, na ile ruhusa ya kuanza kazi mara ombi linapowasilishwa haimhusu tena: atalazimika kusubiri H-1B mpya iidhinishwe na hadhi yenyewe ianze. Daraja hili linabeba watu kwa miezi miwili au mitatu. Kulitegemea kuanzia majira ya kuchipua hadi Oktoba ni jambo ambalo tumeliona likivunjika katikati.

Njia ambayo tungeitazama kwanza ni nyingine. Ajitafutie, hata kwa saa chache kwa wiki, nafasi katika chuo kingine au hospitali ya mafunzo inayohusiana na chuo, ambayo nayo haiguswi na kikomo. Akiwa ameajiriwa huko, kampuni ya dawa inaweza kumwombea H-1B ya kazi ya pili inayokwenda sambamba, nayo haitahesabiwa maadamu ile ya kwanza ipo. Ni mpango wenye karatasi nyingi, na ule mguu wa chuo ukikatika wa kampuni nao unaanguka. Lakini ni halali, na makampuni mengi ya dawa yanayoizunguka Boston yamezoea kuuona.

Swali: Niko ndani ya siku zangu 60. Naweza kuendesha teksi za programu ya simu jioni ili nilipe kodi ya nyumba?

Jibu: Hapana, hata kwa jioni moja. Katika siku hizo mtu anaruhusiwa kuwapo, haruhusiwi kufanya kazi, na kujiajiri ni kazi. Safari moja iliyolipwa inaacha rekodi ya benki na ya kodi ya mapato, na inaweza kumnyima ofisa sababu ya kurefusha ukaazi wako hapo mwajiri halisi atakapopatikana. Siku 60 zenyewe zinatolewa kwa hiari ya serikali, nayo inaweza kuzifupisha au kuzifuta, na hatujui sababu inayotumika kwa urahisi zaidi kuliko hiyo.

Swali: Ndugu Mhariri, mwajiri wangu ni kampuni inayotukodisha kwa wateja. Mradi wangu umekwisha mwezi uliopita. Wameniambia niko bado mfanyakazi wao, lakini nikae nyumbani bila mshahara hadi mteja mwingine apatikane, labda baada ya miezi miwili, kisha wataniita. Wamenitumia fomu ya likizo isiyo na malipo niitie sahihi. Mume wangu anasema ni afadhali kuliko kufukuzwa. Naye yeye na mtoto wetu wako hapa kwa hadhi yangu.

Jibu: Dada yetu, usiitie sahihi fomu hiyo. Tunaanza na hilo kwa sababu ndilo lisiloweza kurudishwa nyuma.

Mwajiri wa H-1B anawajibika kulipa mshahara alioahidi katika tamko lake hata katika siku ambazo hana kazi ya kukupa, iwe mteja ameondoka, mradi umechelewa au leseni haijatoka. Wajibu huo unakoma tu pale ambapo wewe mwenyewe umeomba kutokuwa kazini kwa sababu zako, kama vile ugonjwa, uzazi au safari ya nyumbani. Fomu waliyokutumia ina kazi moja, nayo ni kuugeuza ukosefu wao wa mteja uonekane kuwa ni ombi lako. Ukiitia sahihi, unawafutia deni la mshahara, na papo hapo unatengeneza ushahidi kwamba kwa miezi miwili hukuwa ukifanya kazi ambayo ndiyo sababu ya wewe kuwapo nchini.

Mumeo anaona kwamba jina lako likibaki kwenye orodha, basi hadhi inabaki. Tunaielewa hofu yake, lakini hesabu yake ina kasoro. Mtu aliyeachishwa kazi kwa barua yenye tarehe anajua siku 60 zinaanza lini. Mtu aliyewekwa benchi bila mshahara hana tarehe, na ofisa akilitazama faili baadaye anaweza kuamua kwamba ajira ilikoma siku mshahara ulipokoma, mwezi uliopita, maana yake nusu ya siku zako zimekwisha kupita huku ukisubiri simu. Kwa usalama wako, chukulia kwamba saa inatembea na uanze kutafuta mwajiri mwingine leo.

Wakati huohuo, waandikie kwa barua pepe kwamba uko tayari kufanya kazi kila siku na kwamba hujaomba likizo. Hifadhi hati zako za mshahara za miezi yote, pamoja na jibu lao. Kama hawalipi, malalamiko hupelekwa katika kitengo cha mishahara na saa za kazi cha Wizara ya Kazi, kwa fomu inayoitwa WH-4, ndani ya miezi 12 tangu kosa lilipotendeka mara ya mwisho. Sheria inakataza mwajiri kulipiza kisasi kwa sababu hiyo. Tena, kama kisasi kitakuvunjia hadhi, USCIS inaweza kukihesabu kuwa hali isiyo ya kawaida inayostahili kusamehewa pale mwajiri mpya atakapokuombea. Si ahadi ya kusamehewa, lakini ni zaidi ya anachopata mtu aliyetia sahihi na kunyamaza.

Kuhusu mume na mtoto: hadhi yao ya H-4 inaifuata yako, hivyo wana siku zilezile ulizonazo, na mtoto kuwa shuleni hakumwongezei hata moja. Mwajiri mpya atakapowasilisha ombi lako, wao hawamo ndani yake. Wanahitaji fomu yao wenyewe, I-539, na tarehe zao za I-94 zifuatiliwe kando. Tumepata barua za familia ambazo baba au mama alirudishwa kazini salama na tarehe za wengine zikapita kimyakimya kwa sababu kila mmoja alidhani wakili wa kampuni ameshughulikia.

Swali: Nilifanya kazi North Carolina kwa miaka 4 na miezi 2. Kazi ilipokatika sikutaka kubahatisha, nikarudi nyumbani siku ya 40. Sasa imepita miezi 8, na kampuni nyingine, yenye meneja niliyefanya naye kazi zamani, inataka kunirudisha. Wameambiwa kuhusu dola 100,000 na wameanza kusita. Je, muda wangu wa zamani umepotea? Na mwajiri wa kwanza hakunilipia nauli, naweza kudai?

Jibu: Muda haujapotea. Anayeondoka anaacha saa yake ya miaka 6 imesimama, na wewe una mwaka 1 na miezi 10 iliyobaki, ukiongeza siku zote ulizokuwa nje ya Marekani kwa safari na likizo katika miaka ile minne, ambazo unaweza kuzidai zirudishwe ukiwa na mihuri ya pasipoti au rekodi za safari. Kwa kuwa ulikwisha kuhesabiwa, kampuni mpya haihitaji bahati nasibu na inaweza kuwasilisha ombi mwezi wowote. Kinyume chake, ungesubiri hadi utimize mwaka mzima ukiwa nje, ungeweza kuanza miaka 6 mipya, lakini kwa kupita katika bahati nasibu kama mtu mgeni kabisa. Wapo wanaoichagua njia hiyo. Kwa mtu mwenye mwajiri anayemsubiri, karibu miaka miwili iliyo mkononi inatosha kumwanzishia mchakato wa ukaazi wa kudumu, na mchakato huo ukianza mapema unaweza kumruhusu arefushe H-1B kupita mwaka wa sita.

Nauli unaweza kuidai. Mwajiri aliyekuachisha kazi kabla ya muda wa idhini kwisha anapaswa kulipa gharama ya kuridhisha ya kukurudisha ulikokuwa ukiishi nje ya nchi, na asiyestahili ni yule tu aliyejiuzulu mwenyewe. Deni hilo ni la mfanyakazi, haliwajumuishi mke na watoto. Waandikie, ambatisha tiketi na barua ya kuachishwa, na usiruhusu wakujibu kwamba ulikubali kuondoka wakati barua yao inasema vingine.

Kuhusu dola 100,000, kabla meneja wako hajakata tamaa, kuna jambo ambalo barua yako haikulitaja. Maelezo ya USCIS yanaweka malipo hayo kwa aliye nje ya nchi na asiye na viza halali ya H-1B. Viza ni ile iliyobandikwa kwenye pasipoti na ubalozi. Ni tofauti na idhini iliyokufa na ajira yako ya kwanza, ina tarehe yake yenyewe, na haifutiki kwa sababu tu umebadilisha mwajiri, hata kama jina la kampuni ya zamani limeandikwa juu yake. Kama bado ni hai na haijafutwa na ubalozi, kampuni mpya inaweza kuwasilisha ombi bila malipo hayo, na wewe ukasafiri na viza hiyohiyo pamoja na karatasi mpya ya idhini. Kama imekwisha, hakuna njia fupi: utaomba nyingine katika ubalozi wa Marekani ulio katika nchi yako au unakoishi, na malipo yatakuwa juu ya mwajiri isipokuwa apewe msamaha, ambao hutolewa kwa nadra. Fungua pasipoti, soma tarehe ya mwisho ya viza, na uwatumie kampuni nakala ya ukurasa huo kabla ya kikao chao kinachofuata.